Kakakuona na Mbio za Vichuguu Arobaini na Viwili na Kipande

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na bwawa?

Palikuwa!

Lilikuwa na maji?

Lilijaa tele!

Na mwenyewe alikuwa nani?

Hatumjui!

Hamumjui, eh? Basi sogeeni niwajulishe. Na wewe uliyenyoosha miguu hapo, ikunje. Hadithi hii ni ya miguu na sitaki kuikanyaga yako.

Zamani, zamani sana, katika nyika moja pana, palikuwa na bwawa moja tu lisilokauka kiangazi. Moja tu, nawaambieni. Mito ilikauka, visima vikakauka, mpaka mate yakakauka mdomoni. Lakini bwawa lile lilikuwepo, maji baridi, yametulia. Wanyama wakaona kwamba wakiligombania watauana. Kwa hiyo wakaweka mbio.

Mbio zilikuwa mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapoanza. Zilianzia bwawani, zikazunguka nyika yote, zikaishia bwawani. Njia yake ilihesabiwa kwa vichuguu. Vichuguu vingapi? Arobaini na viwili, na kipande. Msiniulize kipande kilitoka wapi, maana hata waliokiweka hawakujua. Ninachojua mimi ni kwamba vile arobaini na viwili vilichosha tu. Kipande ndicho kilichotoa roho.

Mwisho wa njia, kando ya maji, palichorwa mstari wa majivu. Ukiuvuka, unakanyaga tope la ukingoni na unyayo wako unabaki pale. Mwenye unyayo alikunywa, yeye na nyumba yake, mpaka mvua zirudi. Asiye na unyayo, pole yake, alitafuna mizizi. Na siku ya mbio hakuna aliyegusa maji mpaka mstari ufungwe, na mstari haukufungwa mpaka mkimbiaji wa mwisho auvuke. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi.

Mwenyekiti wa mbio alikuwa Nyati. Pembe huku, pembe huku, tumbo katikati. Kila mwaka alisimama kwenye mstari akauliza, "Mkimbiaji ni nani?"

Wanyama wakajibu, "Ni anayekimbia!"

"Na anayetembea?"

Kimya.

"Anayetembea ni mtembezi," Nyati akasema. "Mtembezi si mkimbiaji. Mimi simsubiri mtembezi!"

Na kweli hakusubiri. Wakimbiaji walirudi, puruu, puruu, puruu, na wa mwisho wao alipovuka tu, Nyati aliinua kwato lake, pu! Akafuta majivu. "Mstari umefungwa!" Wanyama wakanywa, wakaenda zao. Na ule ukingo ambao ungekuwa wa watembezi, uliobaki bila unyayo hata mmoja, Nyati alijitupa hapo, akagaagaa peke yake kiangazi kizima. Mnaona sasa kwa nini alikuwa na haraka ya kufunga?

Jioni watembezi walifika. Kobe, Jongoo, Kinyonga na Kakakuona. Wakakuta majivu yametawanyika na Nyati kajaa tope hadi masikioni.

"Mnatoka wapi?" akawauliza.

"Mbioni, Mwenyekiti."

"Mbio gani? Mbio zilikwisha zamani. Nendeni mkapumzike."

Mwaka wa kwanza ikawa hivyo. Mwaka wa pili ikawa hivyo. Kobe akachoka, akaacha. Jongoo akaacha. Kinyonga akasema atafikiria, mpaka leo bado anafikiria. Akabaki Kakakuona peke yake.

Mnamjua Kakakuona? Mwili mzima magamba. Kinywani hana hata jino moja, ana ulimi tu, mrefu, wa kurambia mchwa. Na hutembea kwa miguu miwili ya nyuma, mikono ameikutanisha kifuani kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Akitembea magamba yanasema kacha, kacha, kacha. Hakimbii. Hajui kukimbia. Ukimtisha hujikunja akawa tufe, basi.

Mwaka huo Kakakuona alikuwa na mtoto mchanga, amepanda juu ya mkia wake, ameshikilia kwa kucha. Mama asiye na maji hana maziwa. Mwaka uliotangulia alikuwa na mtoto mwingine. Juu ya huyo sisemi zaidi, nanyi msiniulize.

Basi siku moja kabla ya mbio, Kakakuona akaenda kwa Nyati, kacha, kacha, kacha.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba nikusubiri, rudi."

"Aa, sikuombi unisubiri. Nimekuja kusema nina aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya masazo, Mwenyekiti. Wewe unajua desturi ya vituo."

Ngoja niwaambie na nyinyi. Kila baada ya vichuguu sita, mpaka cha thelathini na sita, palikuwa na kituo, na Ngedere waliweka pale vyakula vya wakimbiaji. Matikiti, maboga, miwa, matango. Mkimbiaji hunyakua kipande akapita. Vinavyobaki wote wakishapita huitwa masazo, na masazo yote ni ya yule wa mwisho, ili asife njaa. Wazee waliona mbali hapo.

"Kila mwaka wa mwisho ni mimi," Kakakuona akasema. "Kila kituo nakuta marundo, yote yangu. Lakini mimi sina jino, Mwenyekiti. Boga nitalitafuna na nini? Naramba mchwa wangu kichuguuni, napita. Nyuma yangu matikiti yanapasuka kwa jua. Miwa inakauka. Ninaona haya."

Masikio ya Nyati yakasimama. "Marundo, unasema?"

"Ya kufika hapa." Akaonyesha kifuani. Kifua cha Kakakuona hakiko juu sana, lakini Nyati alipima kwa kifua chake mwenyewe.

"Vituo vyote?"

"Vyote sita. Laiti angekuwepo mtu mzima mwenye meno, akakaa nyuma yangu..."

Hakumaliza. Nyati alishaondoka, pu, pu, pu, kwenda kwa Kanga, mtangazaji wa mbio. "Niandikishe! Kesho na mimi nimo!"

Kanga akashangaa. "Mwenyekiti, ukiingia njiani umetoka kitini mpaka uvuke mstari. Wa njiani hunywa kwa unyayo, kama wengine wote. Na aliyekula masazo akimpita mtu, hurudi kichuguu cha kwanza akaanza upya. Ndiyo desturi."

"Sawa, sawa, sawa," Nyati akasema. Kichwani mwake hamkuwa na desturi. Mlikuwa na maboga.

Asubuhi ikafika. Kanga akapiga kelele, "Haya!" na nyika ikatetemeka. Puruu! Mbuni akapita. Puruu! Swala wakapita. Puruu! Pundamilia, nyumbu, ngiri mkia juu. Vumbi likapanda.

"Pisha, mama, pisha!" ngiri mmoja akamwambia Kakakuona. "Hapa ni mbioni, siyo harusini!"

Wakacheka, wakapotelea mbele. Vumbi likatua. Njiani wakabaki wawili. Mbele Kakakuona na mtoto wake mkiani. Nyuma, hatua kumi, Nyati.

Kakakuona akaanza kuimba, na nyinyi mniitikie:

*Kacha kacha, shika mkia,*
*kichuguu hiki tumekipita!*
*Kacha kacha, shika mkia,*
*kingine kile kinatuita!*

Wakafika kituo cha kwanza. Kakakuona akaramba mchwa wake kichuguuni, akawaambia Ngedere ahsanteni, akapita. Nyati akafika. "Nani yuko nyuma yangu?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Basi masazo ni yangu!" Nyafu, nyafu, nyafu.

"Mama, bado?" mtoto akauliza.

"Bado."

Wakafika kituo cha pili. Kakakuona akaramba mchwa wake, akasema ahsanteni, akapita. Nyati akafika. "Nani yuko nyuma yangu?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Basi masazo ni yangu!" Nyafu, nyafu, nyafu.

"Mama, bado?"

"Bado, mwanangu."

Cha tatu ikawa hivyo. Cha nne ikawa hivyo. Jua likapanda utosini, likaanza kuteremka. Tumbo la Nyati likapanda, lenyewe halikuteremka. Alikuwa anatembea kama mama aliyebeba pacha. Miwa ikamtia kiu, lakini maji njiani hayakuwepo, yako bwawani. Cha tano akala akiwa amekaa. Cha sita, kichuguu cha thelathini na sita, alikula huku analia, lakini alikula.

Na kule bwawani? Mbuni alishafika kabla umande haujakauka. Swala walishafika. Ngiri yule wa harusini alishafika. Wote wamesimama kwenye mstari, ndimi nje, maji yale pale, na hawawezi kunywa.

"Tufunge!" ngiri akasema.

"Nani afunge?" Kanga akauliza. "Mwenyekiti mwenyewe yuko njiani. Unataka umfungie Nyati nje?"

Hakuna aliyetaka. Wakasubiri. Hawajawahi kusubiri maishani mwao, na kusubiri ni kazi. Wakakaa, wakasimama, wakalaumiana. Jua likasogea. Wakaanza kuulizana, "Hivi mtu anafanya nini njiani muda wote huu?"

Turudi njiani. Kichuguu cha thelathini na tisa, Nyati akasimama ghafla. Kichwa kikubwa kile, wazo limechukua siku nzima kufika.

"Subiri kwanza! Mimi nikiwa nyuma yako, mstari haufungwi!"

"Eeh, Mwenyekiti."

"Na mstari usipofungwa, wewe unafika!"

"Ndivyo."

"Umenichezea!"

"Nimekulisha," Kakakuona akasema.

Nyati akainamisha pembe apite mbele. Akakumbuka kichuguu cha kwanza, na kurudi, na kuanza upya. Puu! Akaanguka njiani, tumbo juu. "Basi nakaa hapa," akasema. "Sisogei. Nenda peke yako."

Kakakuona akaenda. Kacha, kacha, kacha. Akapita kichuguu cha arobaini. Halafu akasimama, na moyo ukamwenda mbio hata kama miguu haikuwahi. Nyati asipovuka, mstari haufungwi. Usipofungwa, hakuna anayekunywa. Hila yake ilikuwa imemgeukia. Na mkiani mtoto alikuwa hajauliza "Mama, bado?" tangu kituo cha sita. Kucha zake zilikuwa zimeanza kulegea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi mwenyewe, kila nikisimulia, nywele hunisimama. Kakakuona akageuka. Akarudi. Kiumbe yule mdogo, amechoka vichuguu arobaini, ana kiu ya siku nzima na mtoto mkiani, akarudi nyuma kumfuata mtu aliyemfungia mlango miaka yote.

"Inuka," akamwambia.

"Siwezi. Miguu imekataa."

"Najua. Hukataa hapa hapa. Yangu pia imekataa."

Nyati akafungua jicho moja. "Yako imekataa? Lakini unatembea!"

"Hukataa kila mwaka, Mwenyekiti. Mimi huiambia nimesikia, halafu naendelea."

Nyati akafungua na jicho la pili. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo. Alidhani anayetembea anatembea kwa sababu hana taabu.

"Vimebaki vitatu na kipande," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mbali."

"Hakuna vitatu na kipande. Kuna mkia wangu tu. Utazame mkia wangu, na mwanangu juu yake. Akianza kuteleza, niambie. Hiyo ndiyo kazi yako."

Nyati akainuka. Goti moja. Goti la pili. Kacha, kacha, kacha mbele. Pu... pu... pu nyuma.

"Anateleza!" Nyati akasema. Kakakuona akainua mkia, akamweka mtoto sawa. Kichuguu cha arobaini na moja kikapita.

"Anateleza!" Akamweka sawa. Cha arobaini na mbili kikapita. Kikabaki kile kipande, na jua limekaa ukingoni mwa nyika, jekundu.

Kule mstarini Mbuni, mwenye shingo ndefu, ndiye aliyewaona kwanza. "Wanakuja," akasema. Wanyama wakainuka. Walikuwa wamejiandaa kuzomea, nawaambieni ukweli, ngiri alishakusanya mate. Halafu wakamwona.

Wakamwona amesimama wima, mikono kifuani, vumbi la nyika nzima juu ya magamba yake. Kila hatua anaitoa moja, anaiweka, anatafuta nyingine. Haongezi, hapunguzi. Walikuwa hawajawahi kuona. Miaka yote walishakunywa na kwenda zao, wakadhani mbio huisha wao wanapomaliza. Kumbe kila mwaka, wao wakiwa wamelala kivulini, huyu alikuwa bado yuko njiani, na jua hilo hilo juu yake. Hakuna aliyezomea. Ngiri akateremsha mkia.

"Mimi nilimaliza kabla umande haujakauka," Mbuni akasema polepole. "Lakini kukaa njiani kutwa nzima, mimi siwezi. Naapa siwezi."

Kacha. Kacha. Kacha. Kakakuona akafika kwenye majivu, akavuka. Nyuma yake, pu... pu... Nyati akavuka, akaanguka kifudifudi, pua nusu shubiri kutoka kwenye maji.

Kakakuona hakukanyaga tope. Alisimama kando yake, akamgeukia Kanga. "Uliza lile swali," akasema. "Linaulizwa kila mwaka."

Kanga akajikohoza. "Mkimbiaji ni nani?"

"Ni anayekimbia," wanyama wakajibu, kwa sauti ya chini.

"Na anayetembea?"

Macho yote yakamwendea Nyati.

"Mwenyekiti," Swala mmoja akasema, "tumekuona ukifika. Ulikuwa unatembea."

"Nilikuwa nakimbia polepole!"

"Ulikuwa unatembea," akasema ngiri.

Nyati akatazama maji. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Kama mtembezi si mkimbiaji, basi kuvuka kwake hakuhesabiwi, kiti hana, unyayo hana, na kiangazi chote ni mizizi. Akatazama maji tena. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Akamtazama Kakakuona, na yule mtoto mkiani, na kucha zile alizokuwa akizichunga zisiteleze.

"Anahesabiwa," akasema.

"Hatujasikia huku nyuma!" Kanga akaita.

"ANAYETEMBEA ANAHESABIWA!"

Kakakuona akakanyaga tope. Unyayo mdogo, mara moja, hivi. Nyati akaweka wake pembeni, akainua kwato, pu! Majivu yakatawanyika. "Mstari umefungwa!" Na wanyama wote, wenye kiu ya siku nzima, hawakukimbilia maji. Walisimama. Wakampisha mama.

Akainama, akashusha mkia mpaka ukingoni. Mtoto alikuwa amefumba macho. Maji yakamgusa pua. Tukasubiri, yaani wakasubiri, wote, wenye pembe na wasio na pembe. Halafu ulimi mdogo, mwembamba, ukatoka. Ukaramba mara moja. Ukaramba tena.

"Mama," akasema, "tumefika?"

"Tumefika," mama akasema, na hapo ndipo miguu yake ikakunjika, akaketi chini kwenye tope mbele ya watu wote.

Tangu mwaka ule, mstari wa bwawa lile husubiri. Kobe alirudi mbioni, Jongoo akarudi na miguu yake yote. Na nasikia, ingawa sikuwepo, kwamba jioni ya mbio Mbuni huwa haendi nyumbani. Hurudi hadi kichuguu cha thelathini na tisa, akakaa hapo, akatazama wanaopita.

Haya, mnataka fundisho? Hadithi bila fundisho mama zenu watanilaumu. Fundisho ni hili. Kutembea ni uvivu mtupu. Asiye na mbio abaki nyumbani kwake, asitupotezee muda. Mkishamaliza nyinyi, kunjeni viti, futeni mstari, nendeni mkale, maana huko nyuma hakuna kitu cha kutazama.

Mbona mnanikodolea macho? Nimeshasema. Hadithi yangu imetua hapa. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia amuulize jirani yake, na aliye karibu na mtungi anipe maji.